Kumtetea Dereva Aliyeshtakiwa

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Usaidizi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Makadara, Mombasa



Kamati yetu imepewa heshima ya kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo katika mkutano wa mwaka uliopita lilizusha maneno mengi, nalo ni fedha zitolewazo na Chama ili kuwatafutia mawakili madereva walioshtakiwa makosa makubwa ya barabarani. Mtakumbuka kwamba mzee wetu mmoja alisimama akauliza, "Mtoto wa watu amekufa barabarani, nanyi mwachukua shilingi zetu kumtetea aliyemwua?" Swali hilo halikuwa la mzaha, wala siku ile halikujibiwa kama lilivyostahili. Twaomba ruhusa tulijibu leo.

Hapana mtu katika chumba hiki asiye na ndugu au jirani aliye dereva. Wako waendeshao matrela yachukuayo makontena kutoka bandari ya Kilindini hadi Nairobi na Kampala. Wako wa matatu za Kisauni, Likoni na Mtwapa. Wako wa tuktuk zizungukazo ukingoni mwa Mji wa Kale, na vijana wa bodaboda tuwaonao kila pembe. Tena hapana mtu hapa ambaye hajapata kufuata jeneza la mtu aliyekufa barabarani. Katika miaka ya 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walipoteza roho zao kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao lilikuwa la watu waendao kwa miguu. Kwa hiyo tusemapo habari za kumtetea dereva, twajua ya kuwa twasema mbele ya wafiwa, nasi twapenda maneno yetu yawe ya kiasi.

Wazee wa mtaa huu husimulia kwamba jina la Makadara latokana na kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba walioliacha ni askari wa Kibaluchi waliokaa hapa zamani. Basi sisi watu wa Makadara hatuna haja ya kufundishwa kwamba ajali haina kinga. Lakini hapo ndipo lilipo kosa letu la kwanza. Ajali itokeapo, dereva wetu husema, "Imeandikwa," akanyamaza. Jamaa zake nao husema, "Imeandikwa," wakakaa kungojea. Mahakama haiulizi kilichoandikwa mbinguni. Yauliza kilichofanywa barabarani, na ni nani aliyekifanya, na kwa kosa gani. Asiyejibu swali hilo, hujibiwa na wengine.

Tutatoa kisa kimoja, bila kumtaja mtu jina. Miaka michache iliyopita mwanachama wetu mmoja alikuwa akiendesha lori la tajiri. Asubuhi moja, akishuka kutoka Changamwe kuja Kibarani na shehena ya saruji, alikanyaga breki akaona kanyagio lazama hadi chini pasipo kushika. Alipiga honi, akajaribu gia, akalielekeza lori ukingoni mwa barabara. Na ukingoni hapo alikuwapo hamali akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Hamali yule alifariki pale pale. Dereva hakukimbia. Alikaa chini kando ya barabara, akalia, mpaka polisi walipofika.

Usiku ule alilala kituoni. Asubuhi akajiwa na mtu aliyetumwa na mwenye lori, akamwambia, "Wewe kubali tu, usitusumbue. Utatozwa faini, tutalipa, kesho utarudi kazini." Na walio ndani pamoja naye wakamwambia hivyo hivyo, kwamba mwenye kubali hahangaishwi. Alipofikishwa mahakamani alisomewa shtaka kwa Kiswahili, akasema, "Ni kweli, nilimgonga." Yakasomwa maelezo ya ajali, akaulizwa kama ni ya kweli; akajibu, "Ni kweli." Habari za breki hakuzitaja. Baadaye tulipomwuliza kwa nini, alitujibu kwamba alimwona mjane wa hamali ameketi katika benchi la nyuma, akaona haya kusema habari za vyuma mbele ya mtu aliyefiwa.

Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na leseni yake ikafutwa. Faini iliyoahidiwa haikuwapo, na simu ya mwenye lori haikujibiwa tena. Mkewe alihama nyumba, akarudi kwao Kaloleni; mtoto wake mkubwa akaacha skuli kwa muhula mzima. Sisi wa Kamati tulipata habari wakati ambapo siku kumi na tisa zilikuwa zimekwisha kupita. Na lori lile, ndugu zetu, lilitengenezwa kwa haraka, likarejea barabarani kabla mwezi haujaandama, likiwa na dereva mwingine. Twalijua hilo kwa kuwa dereva huyo wa pili naye ni mwanachama wetu, na ndiye aliyetueleza kwamba breki zile zilikuwa zikilalamikiwa tangu zamani.

Tulikwenda kwa wakili. Alisoma kumbukumbu za mahakama, akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba kwa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Kenya, mtu aliyekubali kosa mwenyewe hawezi kukata rufani juu ya kuonekana kwake na hatia, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Na kwamba muda wa kukata rufani ni siku 14 tangu hukumu, japo mahakama yaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu njema. Kubali kwake kungeweza kupingwa lau kungekuwa na shaka katika namna kulivyopokewa. Lakini kumbukumbu zilionyesha kwamba alisomewa, akaelewa, akakubali mara mbili. Tuliondoka pale tukijua ya kuwa tulichelewa.

Sasa twapenda mlijue shtaka lenyewe lilivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kifungu chake cha 46 chahusu mtu asababishaye kifo kwa kuendesha gari pasipo kujali, au kwa mwendo au namna iliyo ya hatari kwa watu, au kwa kuliacha gari barabarani mahali pa hatari. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Juu ya hayo, mahakama yalazimika kuifuta leseni ya mwenye hatia na kumzuia asipate nyingine kwa muda wa miaka mitatu, ambayo huhesabiwa tangu siku ya hukumu au siku ya kutoka gerezani, iliyo ya baadaye. Basi aliyefungwa miaka miwili hupoteza kazi yake kwa miaka mitano. Kwa mtu asiyejua kazi nyingine ila usukani, hiyo ni adhabu juu ya adhabu.

Lakini sheria hiyo haikusema kwamba kila gari liuapo, dereva ni mwenye hatia. Twarudia maneno haya kwa kuwa wengi hawayajui. Kufa kwa mtu si ushahidi wa kosa la dereva. Mwaka 1971 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mwanamke mmoja aliyeingia katika barabara ya njia mbili akaenda kinyume cha magari yajayo, naye akajitetea kwamba alipotezwa na jinsi barabara ilivyojengwa na kukosekana kwa alama. Mahakama iliamua kwamba haitoshi kuonyesha kuwa palikuwa na hatari. Lazima pia ionyeshwe kwamba hatari hiyo ilisababishwa na kosa fulani la dereva, hata kama kosa hilo ni dogo au ni la kukosa ujuzi tu. Majaji wa Kenya wameifuata kanuni hiyo.

Na juu ya breki, mahakama ya Uingereza ilikwisha kusema mwaka 1961 kwamba gari likiharibika ghafula, na dereva hakuujua ubovu huo wala hangaliweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida, huo ni utetezi wa haki. Walakini, mtu aliyekuwa mbele ya mahakama siku ile alishindwa kesi yake. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba gari lake huvuta upande likifungwa breki, naye akaendelea kuliendesha. Madereva waliomo humu na walisikie jambo hili kwa masikio mawili. Anayeshika usukani wa gari alijualo kuwa ni bovu, kwa kuogopa kumwudhi tajiri, aitupa ngao yake mwenyewe kabla ya vita.

Tumrudie sasa ndugu yetu. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka taratibu za kupokea kubali kwa mshtakiwa, nazo zingali zafuatwa. Shtaka na kila sehemu yake lielezwe kwa lugha aijuayo mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, kama alivyoyatamka. Mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana, kuyaeleza au kuongeza lolote. Na ikiwa katika maelezo yake amesema neno litialo shaka hatia yake, basi kubali kwake kuondolewe, iandikwe kwamba amekana, na kesi isikilizwe.

Angalieni basi. Lau ndugu yetu angalisema maneno mawili tu, "Breki hazikushika," hakimu angalibidika kuandika kwamba amekana kosa. Mwendesha mashtaka angalitakiwa kuleta mashahidi. Mkaguzi wa magari angalikuja na taarifa yake, aulizwe juu ya mipira ya breki na mafuta yake. Daftari la gereji lingaliitishwa. Mwenye lori angaliulizwa kwa nini alilituma gari lile barabarani, ilhali Sheria ya Trafiki yaamuru kwamba kila gari litumiwalo barabarani liwe katika hali njema. Pengine mwisho wake mahakama ingaliona kwamba dereva naye alikuwa na hatia, kwa kuwa aliujua ubovu huo. Hatujui. Lakini ukweli ungalitoka, nao ungaliwekwa mahali pa kila mtu kuuona.

Hilo ndilo jibu letu kwa mzee wetu. Fedha hizi hazikutengwa ili aliyeua aokoke. Zimetengwa ili ijulikane ni nini kilichoua. Mjane wa hamali yule aliona mtu mmoja maskini akipelekwa gerezani, akaenda nyumbani akidhani kwamba haki imetendeka. Na siku si nyingi lori lile lile likapita mbele ya mlango wake. Kubali ya haraka ilimfunga dereva, ikamfungulia mwenye breki mbovu. Je, mzee wetu, ni nani aliyetetewa siku ile?

Sheria ya nchi yatupa haki nyingi, ila haki isiyojulikana ni kama fedha iliyofukiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha aielewayo, sababu ya kukamatwa kwake. Kwamba ana haki ya kunyamaza. Kwamba aruhusiwe kuwasiliana na wakili. Kwamba asilazimishwe kukiri. Kwamba afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au, saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, siku ya pili ya kazi. Na kwamba aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila kukiwa na sababu nzito za kumzuia. Ibara ya 50 yaongeza kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Kwamba apewe muda wa kutosha wa kutayarisha utetezi. Kwamba aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumiwa juu yake. Kwamba apate mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Na kwamba apewe wakili kwa gharama za serikali, ikiwa bila ya wakili udhalimu mkubwa ungetokea. Ili kuitimiza haki hiyo ya mwisho, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, ikaundwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mahakama yenyewe yapaswa kumwarifu mshtakiwa asiye na wakili juu ya haki hizo. Lakini waombao ni wengi, na mlango huo hauwezi kuingiza watu wote kwa mara moja. Ndiyo maana Chama hakina budi kusimama penye pengo.

Pengine mtu atasema, "Ukweli ni ukweli, wakili ataubadili nini?" Na asikie habari za mtu mmoja wa Marekani, fukara aliyeitwa Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, katika jimbo la Florida, alishtakiwa kwa kuvunja nyumba ya mchezo wa biliadi. Aliomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa. Akiwa gerezani aliandika maombi yake kwa kalamu ya risasi, akayapeleka kwa mahakama iliyo juu kuliko zote katika nchi ile. Na mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba maskini aliyeshtakiwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Gideon alisikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili wa kuwahoji mashahidi, akaonekana hana hatia. Mtu alikuwa yule yule, na shtaka lile lile. Kilichozidi ni mtu mmoja ajuaye kuuliza.

Basi yatupasa kufanya nini? Kamati yawashauri madereva wote na jamaa zao mambo haya.

Kwanza, ajali itokeapo, dereva asimame. Kifungu cha 73 cha sheria chamtaka asimame na kutoa jina na anwani yake kwa mwenye haki ya kuyauliza, na asipoweza kufanya hivyo apige ripoti polisi upesi iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 24. Amsaidie aliyeumia. Akihofia kupigwa na watu, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu. Anayekimbia huonekana kuwa ameikubali hatia kwa miguu yake.

Pili, jamaa au utingo achukue mapema picha za mahali pale: alama za matairi, hali ya lami, taa za barabara kama zilikuwapo, mti au kibanda kilichoziba macho, na hali ya gari lenyewe. Mvua moja hufuta yote. Yaandikwe majina ya mashahidi na nambari zao za simu, maana abiria wa matatu akishashuka Buxton hutamwona tena.

Tatu, kituoni dereva ataje jina lake na mambo ayajuayo kwa hakika, kwa adabu. Lakini kabla ya kuandikisha maelezo marefu na kutia sahihi, aombe kuonana na wakili. Asitie sahihi maneno asiyosomewa. Na dhamana ya fedha itolewapo polisi, risiti ichukuliwe, itunzwe. Fedha hiyo hurudishwa kesi imalizikapo, ikiwa masharti yametimizwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, asikubali kosa kwa huruma, wala kwa haya, wala kwa ahadi ya tajiri. Huruma ina mahali pake. Aende kwenye matanga ikiwa wafiwa wameridhia, au awatume wazee wamwendee, asaidie sanda na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, aombe dua. Kufanya hivyo ni utu. Lakini mbele ya hakimu aseme yaliyotokea, na kama hajui vema maana ya shtaka, aombe muda wa kupata wakili kabla ya kujibu. Na ajue pia ya kuwa mtu akishahukumiwa na mahakama ya jinai, hukumu hiyo hushikwa kuwa ushahidi wa kukata katika kesi ya madai ya fidia. Neno moja la asubuhi moja laweza kumfuata mtu katika mahakama mbili.

Tano, akishtakiwa kwa kuzidisha mwendo, akumbuke kwamba sheria haimruhusu hakimu kumtia hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu aliyekisia mwendo kwa macho. Wakili atajua kuuliza ni chombo gani kilichotumika.

Sita, kila dereva awe na daftari dogo. Aonapo ubovu wa breki, tairi au usukani, aandike tarehe, ampelekee mwenye gari habari hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na asiliendeshe gari mpaka litengenezwe. Twajua kwamba maneno haya ni mepesi kuyasema hapa penye viti na feni, na ni magumu kwa mtu ambaye kodi ya nyumba yamngoja. Kwa sababu hiyo Kamati yapendekeza kwamba mwanachama atakayefukuzwa kazi kwa kukataa kuendesha gari bovu asaidiwe na Chama kwa posho, kama asaidiwavyo mgonjwa. Shilingi ya kumsaidia asiendeshe ni ndogo kuliko shilingi ya kumtetea ameshaua.

Tusisahau kusema na mambo ambayo Chama hakitayafanya. Hatutanunua shahidi, wala hatutamlipa mtu yeyote ili faili lipotee. Hatutawaendea wafiwa kuwasihi waseme wasiyoyaona. Dereva aliyekuwa amelewa, au aliyeshindana na mwenziwe kwa ajili ya abiria, atapata wakili kama wengine, kwa sababu haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu. Lakini wakili huyo atamwambia ukweli, na ikiwa ana hatia, atamsaidia kuikubali hatia hiyo kwa ukamilifu na kumweleza hakimu hali yake na ya watoto wake. Kukubali kwa namna hiyo, mtu akijua akubalilo, ni jambo la heshima. Tunalolipinga ni kubali ya gizani.

Mwaka huu tulipata kuona tofauti yake. Mwanachama mmoja wa matatu za njia ya Malindi alipata ajali iliyoua mtu usiku, karibu na Kikambala. Mkewe alitupigia simu kabla ya alfajiri. Wakili alifika kituoni asubuhi. Dereva akakana shtaka, akapewa dhamana, akaonyeshwa ushahidi wote. Kesi ilikwenda miezi mingi, nasi tulichoka, na mweka hazina wetu alichoka kuliko sisi. Mwisho wake mahakama haikumwona na hatia ya kusababisha kifo kwa kuendesha kwa namna ya hatari. Hatusemi haya kwa kushangilia. Aliyekufa hakurudi, na dereva mwenyewe alitueleza kwamba hajapita Kikambala usiku tangu siku ile. Lakini yote yaliyotakiwa kuulizwa yaliulizwa, ndugu wa marehemu wakiwa wamekaa wakisikiliza, na mmoja wao alipotoka nje alimpa dereva mkono.

Kwa hiyo Kamati yaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, mfuko wa utetezi uendelee, na kila mwanachama aliye dereva au mwenye gari autilie mchango wake wa mwezi, maana haba na haba hujaza kibaba. La pili, jina na simu ya katibu wa Kamati libandikwe katika kila stendi, gereji na msikiti utakaoturuhusu, ili habari itufikie siku ya kwanza, isitufikie siku ya kumi na tisa.

Ndugu yetu wa lori alitoka gerezani, naye yu miongoni mwetu jioni hii. Leseni bado hana. Yeye ndiye aliyetuomba tuyaseme haya mbele yenu, na alituambia tuongeze neno moja tu: kwamba alipotoka, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kwa mjane wa hamali, akamweleza habari za breki. Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwuliza, "Mbona hukuyasema siku ile?"

Bwana Mwenyekiti, swali la mama huyo ndilo tuliachalo mbele ya mkutano. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa katika barabara zetu, na awarudishe salama walio safarini.